Na Nyinyi Karibuni Kwetu

Watu wa Hail, mtaa wetu hapa Maskati, wana yao wanayoyasema juu ya dada yangu Khole. Wako wanaodai alichanganyikiwa kwa upweke baada ya mumewe kufariki. Wako wanaodai aliolewa kwa siri akatorokea Unguja. Mwanamke wa miaka sitini na moja, mwenye goti bovu, atoroke na nani? Mimi ni Sleyum, mdogo wake wa tumbo moja, na nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Nikinyamaza, porojo zao ndizo zitakazobaki. Kwa hiyo nasimulia, na asiyetaka kuamini simlazimishi.

Yote yalianza na joto. Mwezi wa saba Maskati huwezi kushika usukani wa gari bila kitambaa. Binti yangu Noof alikuwa anasoma Uskoti, na kila siku alitutumia picha za mvua, makusudi, kutuchokoza tu. Sisi mvua ikinyesha tunatoka nje kuitazama. Da Khole akasema basi, mwaka huu twende tukaione hiyo mvua ya Noof. Mke wangu alibaki kumuuguza mama yake. Tukaondoka wawili, mimi na dada yangu, na mabegi manne, matatu ya kwake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Da Khole alikaanga chapati asubuhi katika jiko la Noof hadi king'ora cha moshi kikalia, akajaza chai ya maziwa kwenye chupa, tukaingia garini. Noof aliendesha kama saa nzima. Pande zote ni vilima vya kijani, kuta za mawe na kondoo wasio na haraka. Da Khole alisema ni Salalah, kusini kwetu, wakati wa kharifu mvua zinaponyesha, ila bila foleni ya magari. Alifurahi. Nakumbuka alivyofurahi, na kukumbuka huko kunaniuma.

Tulikokwenda ni msitu uliosimama juu ya kinamasi. Hakuna ardhi ya kukanyaga pale. Kuna njia ya mbao iliyoinuliwa kidogo, na chini yake maji meusi na majani laini yaliyotanda kama zulia, ukiyakanyaga unazama hadi gotini. Miti yake ni myembamba yenye magome meupe. Visubi walitutafuna masikio. Noof alitueleza kwamba ule udongo mweusi watu wa zamani waliukata vipande, wakaukausha, wakauchoma mekoni kama makaa. Akasema pia kwamba kinamasi hakiozeshi kitu. Aliyezama humo miaka elfu iliyopita hutolewa na ngozi yake na kucha zake.

Da Khole aliyatazama yale maji muda mrefu. Akauliza wako wangapi huko chini. Noof akasema hakuna ajuaye.

Katikati ya msitu njia ilipita kando ya nyumba. Niseme nyumba, lakini zilikuwa kuta nne za mawe zisizo na paa, na mlango usio na ubao. Mvua ikaanza. Goti la Da Khole lilikuwa limeshachoka, na ndani ya kuta zile kulikuwa na mti mmoja mnene wa kujikinga.

Sasa mjue kitu kimoja. Dada yangu alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Hakuingia popote bila kupiga hodi. Duka lililo wazi, hodi. Chumba cha mtoto mchanga, hodi. Tulimcheka kwa hilo maisha yetu yote. Basi akasimama kwenye mlango wa gofu lile, katikati ya msitu wa Wazungu, akapiga hodi mara tatu, akangoja kidogo, akaingia. Tukamfuata tukicheka.

Alikaa juu ya jiwe pembeni ya mahali palipokuwa jiko. Hapo hapo pameota kichaka cha vitunda vidogo vyeusi. Noof alisema vinaliwa, watu wa huko huvipikia jamu. Da Khole alichuma kiganja kizima akala, midomo ikamgeuka zambarau. Mvua ikapungua, tukainuka.

Adabu yetu ina kuingia na ina kutoka. Ukishakaa kwa watu na ukala chao, huondoki hivi hivi. Lazima uwaalike na wao. Tunalisema neno hilo bila kufikiri, hata kwa mtu tunayeomba Mungu asije. Da Khole aligeuka mlangoni, akaziangalia zile kuta tupu, akasema kwa ile sauti yake ya heshima:

"Ahsanteni, wenyewe. Tumepumzika na tumekula. Na nyinyi karibuni kwetu."

Hapo pangetosha. Lakini mimi nina ulimi usiojua kukaa. Nikaongeza kwa mzaha, kwa sauti kubwa, nikijifanya naelekeza njia: "Hail, Maskati. Nyumba ya pili nyuma ya msikiti, geti la kijani. Mje baada ya Adhuhuri, mtamkuta peke yake."

Noof alicheka. Da Khole alinipiga begani kwa ncha ya mtandio wake. Nimeyarudia maneno yale kichwani mara nyingi kuliko nilivyoyarudia maneno yoyote maishani mwangu.

Tukashika njia ya mbao kurudi. Noof mbele, mimi katikati, Da Khole nyuma. Mbao zile hulia ukizikanyaga. Noof akikanyaga, zinalia. Mimi, zinalia. Da Khole, zinalia. Kisha zinalia tena. Nilisimama. Wote tukasimama. Ubao mmoja nyuma ya Da Khole ukalia, halafu kimya. Hapakuwa na mtu. Da Khole alisema ni mbao zinarudi mahali pake, twende, baridi. Sikubishana naye. Nilitaka iwe hivyo.

Msitu unapoisha kuna geti la shamba. Mzee mmoja mwenye kondoo alituona tunakuja, akatushikia geti. Akapita Noof. Nikapita mimi. Akapita Da Khole, akamshukuru. Mzee akaendelea kulishika geti. Alingoja kama unavyomngojea mtu anayetembea taratibu. Kisha akainamisha kichwa kidogo, akiamkia hewa, akalifunga.

Noof alifunga milango yote ya gari kabla hata hatujavaa mikanda.

Tulirudi Maskati mwanzoni mwa mwezi wa nane. Mimi nikarudi ofisini kwangu Al Khuwair, Da Khole akarudi nyumbani kwake Hail, mtaa mmoja na mimi. Mfanyakazi wake alikuwa amekwenda likizo kwao. Siku tisa zikapita salama. Siku ya kumi na moja akanipigia simu ofisini, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Sleyum," alisema polepole, "jana kaja mtu."

Alinieleza kwamba alikuwa amejilaza baada ya Adhuhuri. Mlango wa ndani ukagongwa mara tatu. Ndani ya usingizi akasema karibu, maana ulimi wake ulizoea. Alipoinuka, mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Kwenye marumaru palikuwa na maji meusi.

Nilimwambia ni kiyoyozi kinavuja. Nilikwenda jioni nikaona mwenyewe. Doa la maji lilikuwa juu ya mto wa kukalia, pale barazani wanapokaa wageni, la mviringo, kama mtu aliyelowa alikaa hapo. Lilinuka udongo wa kule kinamasini. Nikaita fundi. Fundi alikifungua kiyoyozi, akapitisha mkono ndani, akaniambia ni kikavu kama jangwa. Hata hivyo nilimlazimisha akisafishe.

Kesho yake mgeni alikuja tena. Na kesho kutwa. Kila siku baada ya Adhuhuri, wakati ambao mtaa wote wa Hail umefunga madirisha na hata paka wako chini ya magari. Da Khole alijaribu kutoitikia. Alisema akinyamaza kunagongwa tena, mara tatu, kwa upole, na tena, hadi anaona haya.

"Kumnyamazia mgeni siwezi," aliniambia. "Nshazoea hivi tangu utoto."

Nilianza kumtazama vizuri. Ilikuwa mwezi wa nane, nje joto digrii arubaini na tano, naye amevaa sweta alilonunua Uskoti. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe na zimejikunja, kama za mtu aliyefua nguo siku nzima. Alisema hajagusa maji tangu kutawadha. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, nami nikajidanganya kwamba ni rangi ya mdomo, kwa mwanamke ambaye hajawahi kupaka rangi ya mdomo.

Nilimpeleka hospitali. Wakampima damu, moyo, kila kitu. Kila kitu sawa, ila joto la mwili liko chini. Daktari alituuliza kama alizama kwenye bwawa.

Hapo niliogopa kweli. Sikuogopa jini wala shetani, nilimwogopea dada yangu. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki. Niliona anakwenda, kidogo kidogo kila mchana, na mimi ndiye niliyetaja geti la kijani.

Nikamwita Maalim Amur. Msimdhanie mzee wa ndevu nyeupe. Ni kijana wa miaka thelathini na kidogo, anapima macho katika duka la miwani, na jioni anasomesha Kurani. Alisoma nyumba nzima, chumba kwa chumba. Alipofika kwenye ule mto wa barazani alisita, akaushika, akaifuta mikono yake. Akatuuliza kama kuna mtu tuliyemwalika. Da Khole akaniangalia. Nikamwambia yote, pamoja na mzaha wangu.

Maalim Amur hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Alisema kisomo kinamtoa aliyejipenyeza. Huyu hakujipenyeza. Ameitwa, ameelekezwa nyumba, kila siku amegonga, na kila siku ameambiwa karibu. Haki yake ni kukirimiwa mara moja, ipasavyo, mpaka aage mwenyewe. Kisha alishusha sauti.

"Akishaaga, mlango ufungwe. Msimsindikize. Hata hatua moja."

Nilichukua ruhusa kazini. Siku ile, Jumatano, Da Khole alitandika busati jipya. Akatia halua kwenye sahani, tende, na kahawa yenye iliki ndani ya birika la shaba. Alifukiza ubani. Mimi nilikaa kwenye kona, mgongo ukutani. Mwadhini aliadhini, tukasali, tukangoja.

Mlango ukagongwa mara tatu.

"Karibu," alisema Da Khole.

Mlango ukafunguka. Joto la nje lilipaswa kuingia. Iliingia baridi. Ikaingia na harufu ile.

Kisha nikaona nyayo. Sikuona miguu. Niliona nyayo tu, zikijichapa kwenye marumaru, moja, halafu nyingine. Nyembamba, ndefu. Maji meusi. Zilipita mbele yangu. Zikapanda busati. Mto wa wageni ukabonyea.

Nilitaka kusoma. Nilisahau kila kitu nilichofundishwa.

Da Khole hakutetemeka. Aliuliza hali, akauliza habari za safari, akangoja baada ya kila swali kama mtu anayesikia majibu. Akamimina kahawa, akakiweka kikombe mbele ya mto. Nilikikodolea macho. Kahawa ilishuka. Ilishuka hadi chembe za iliki zikabaki chini. Akamimina tena. Ikashuka. Akamimina. Ikashuka.

Kwetu Oman mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe chake. Asipotikisa, mwenyeji anaendelea kummiminia. Huyu hakujua. Angejulia wapi? Da Khole alimimina mara kumi na moja, nilihesabu. Kila mara mkono wake ulizidi kuwa mweupe. Birika likawa jepesi. Nikaona maji yanamchuruzika kwenye viganja, yakidondoka sakafuni.

"Da Khole," nilinong'ona, "yatosha."

Aliweka birika chini. Alichukua kikombe chake mwenyewe, akakiinua kwa upole, kama anayemfundisha mtoto.

"Ukitosheka," alisema, "fanya hivi."

Akakitikisa, kushoto na kulia. Akangoja. Kile kikombe kingine, pale chini mbele ya mto, kikatikisika. Kushoto. Kulia.

Nililia, siwafichi. Nilidhani tumesalimika. Mto ulijaa upya, nyayo zikageuka, zikaelekea mlangoni. Moja, nyingine, moja, nyingine. Zikavuka kizingiti. Nilikuwa nimeshainuka kwenda kufunga mlango.

Da Khole alikuwa mbele yangu. Alikuwa ameshika mtandio na anatia mguu kwenye makubadhi yake.

Nilimshika mkono. Nikamkumbusha alivyosema Maalim. Akaniangalia kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu.

"Mtu katoka mbali kote kule," alisema. "Nimuache mlangoni? Mpaka pembeni ya msikiti tu, nnarudi."

Nilivuta. Wallahi nilivuta kwa nguvu zangu zote. Lakini mkono wake ulikuwa umelowa hadi kiwikoni, unateleza, na ukanichomoka kama sabuni.

Nilitoka mbio nyuma yake. Jua lilikuwa jeupe, mtaa mtupu. Nilimwona anatembea kando ya ukuta wa msikiti, hachechemei, goti lake zima. Kiwiko chake kimeinuka kidogo, kama mtu anayeshikwa mkono. Kichwa ameinamisha upande, anasikiliza. Akasema kitu, akacheka. Akakata kona.

Nilifika kwenye kona ile baada ya hatua thelathini. Kulikuwa na barabara iliyonyooka hadi baharini, pande zote kuta, hakuna mlango. Hapakuwa na mtu. Chini kulikuwa na nyayo za maji, jozi mbili sambamba, na jua lilikuwa linazikausha moja moja mbele ya macho yangu.

Polisi walitafuta wiki mbili. Kamera ya duka la kona inamwonyesha akipita peke yake, akizungumza. Kamera inayofuata, hatua ishirini mbele, haimwonyeshi. Walinihoji mara tatu, nami sikuwalaumu. Porojo za mtaani zikaanza hapo.

Noof alikuwa bado Uskoti. Sikumwambia ninachofikiri. Nilimwomba tu aende tena kule msituni, mchana, asiende peke yake, na asiingie ndani ya zile kuta. Alikwenda Jumamosi na rafiki yake, Bashayer. Walipofika alinipigia kwa video. Nilikuwa nimekaa garini nje ya nyumba ya Da Khole, maana ndani sikuweza.

Mvua ilikuwa inanyesha huko. Niliiona kwenye kioo cha simu na nikaisikia. Noof alikuwa analia bila sauti. Aligeuza simu ili nione mlango wa lile gofu.

Kwenye kizingiti palikuwa na makubadhi. Yamepangwa vizuri, kisigino kwa kisigino, vidole vikielekea ndani, kama anavyoyaacha mtu aliyekaribishwa nyumbani kwa watu. La kulia lilikuwa na mshono wa uzi wa buluu. Nilikuwa nimelishona mwenyewe wakati wa Idi. Matone ya mvua yalikuwa yanapiga jiwe pande zote, jiwe limelowa, jeusi. Makubadhi yalikuwa makavu. Juu yake kulikuwa na vumbi jeupe la Hail.

"Baba," Noof alinong'ona, "nipige hodi?"

Niliangalia mlango ule. Ndani kulikuwa na kijani na kiza kidogo, basi. Nilijua kama yumo, anangojea hodi ipigwe. Dada yangu asingetoka bila mtu kumwita kwa adabu. Na nilijua nani mwingine angeitikia, na binti yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia asiseme neno lolote, arudi garini sasa hivi, asigeuke nyuma. Nimemkana dada yangu kwa kinywa changu mwenyewe, na ningeulizwa tena ningesema vile vile.

Aliuliza kama ayachukue makubadhi, aniletee.

Nilimwambia ayaache pale pale. Da Khole akitoka, hawezi kutembea peku kwenye matope yale.